Jicho Litangulie Mkono

Zamani nilikuja nikaona.

Jibu lake mnalijua: ona nasi tuone. Ndivyo hadithi zinavyofunguliwa kwetu Buhaya, mkoani Kagera, Kashozi hadi Nshamba, na leo jibu hilo nalitaka kwa sauti kubwa, maana hadithi yenyewe ni ya macho. Aliyetumia macho alirudi nyumbani na kikapu cha kahawa. Asiyeyatumia alirudi jicho moja limefumba.

Ulikuwa mwezi wa Juni, kahawa zimeiva, huko juu Kamachumu. Mvulana mmoja, tumwite Mujuni, alitumwa kuchuma pamoja na dada yake Koku. Bibi yao aliwaambia neno moja tu kabla hawajaingia kwenye kibanja cha migomba na kahawa: "Jicho litangulie mkono." Koku alilishika. Akifika kwenye mbuni anauzunguka kwanza, anainama, anachungulia chini ya majani, ndipo anavuta tawi. Mujuni alimcheka. "Dada, unamtafuta nani humo?" Yeye akili yake ilikuwa kwenye mpira, na wenzake walikwisha kuanza kupiga kelele kiwanjani. Akashika tawi lililojaa matunda mekundu, akalivuta kwa nguvu.

Waliomtokea hawakuwa wengi. Wa kwanza alimdunga kwenye nyusi, wa pili sikioni, wa tatu kidoleni. Mujuni akaanza kupunga mikono na kujipiga usoni, na kadiri alivyopunga ndivyo wengine walivyokuja. Koku hakupiga yowe. Alimshika shati, akamwambia, "Acha mikono, twende!" Akamvuta katikati ya migomba bila kusimama mpaka wakatokea uani.

Sasa niambieni, nani alianza? Mujuni alisema nyigu. Mimi nasema tuwaulize nyigu wenyewe.

Kiota kilichokuwa kwenye tawi alilolivuta kilikuwa kidogo, cha kutosha kiganjani. Kilikuwa cha kijivu, kikavu, kimening'inia kwa kikonyo kimoja, na vijumba vyake vyote vilitazama chini. Hakikuwa na kifuniko chochote, kwa hiyo ungeweza kuwaona mabuu ndani, weupe, vinywa wazi, wakisubiri kulishwa. Waliowalinda ni nyigu wa kahawia iliyoiva, wenye viuno virefu vyembamba mno hata ukadhani vitakatika, na miguu inayoning'inia wanaporuka. Wengine mnawaita dondola. Kwenye kiota cha namna hii majike kadhaa huishi pamoja na kusaidiana kulea. Ghafla nyumba yote imenyakuliwa na kutikiswa, watoto wamo ndani. Wewe ungefanya nini?

Mujuni angepata onyo kama angetazama, kwa sababu dondola kwa kawaida hakurupuki tu. Akiona kivuli kinasogea karibu na kiota, huinua mbawa zake juu, husimama wima kwenye miguu na kukugeuzia uso. Wote wakikugeukia kwa pamoja, umekwisha kuambiwa. Rudi nyuma polepole, hatua tatu au nne, usipunge kitu. Mara nyingi watashusha mbawa na kuendelea na kazi zao.

Basi macho yatazame wapi? Kibanjani, tazama chini ya majani makavu yanayoning'inia kwenye shina la mgomba na ndani ya matawi ya kahawa. Nyumbani, tazama chini ya paa na pembeni mwa dirisha la choo. Ukitumwa kuni, usichomoe ukuni wa katikati ya rundo bila kuuzunguka. Rweya, kule kwenye nyasi nje ya vibanja, ni hatari zaidi kuliko mnavyodhani. Mnapokwenda huko kukata nyasi za kutandika ndani au za kufunika kibanja, kiota hukaa chini kwenye shina la nyasi ndefu, na mkono unaokusanya nyasi haukioni. Pitisha fimbo ndefu mbele yako taratibu, usubiri kidogo uone kama kuna anayeruka. Msimu wa senene ni vivyo hivyo, Novemba, watoto mnapoamka na umande kuokota waliojificha kwenye majani. Najua senene huondoa akili. Na ninyi wa pwani ya ziwa, Kemondo na kwingineko, mtumbwi uliolazwa kifudifudi kwa muda mrefu usiugeuze kabla hujachungulia chini ya mbao zake.

Lakini kuna nyigu wengine ambao mnawaogopa bure. Mmeona zile bomba za udongo zilizobandikwa ukutani, nyuma ya picha au juu ya mlango? Mjenzi wake ni mama mmoja anayeishi peke yake. Hana jeshi wala kundi la kumsaidia. Hufinyanga tope kwa kinywa, hujenga chumba, hukijaza buibui aliowapooza kwa mwiba wake, hutaga yai moja, hufunga mlango, basi anaondoka. Buu likianguliwa hukuta chakula kibichi kimelala pale pale, hai lakini hakitembei. Jamaa huyu hana haja nawe kabisa, isipokuwa umkamate mkononi. Mwingine ni wa kijani kinachometameta, mzuri ajabu, naye huwinda mende. Humdunga mende kwenye ubongo, sumu haimuui, inamwondolea tu hiari ya kutembea. Kisha humshika kwenye papasi ya kichwani na kumwongoza hadi shimoni, kama mtu anayevuta mbuzi kwa kamba kwenda mnadani. Mende mzima, miguu yote sita inafanya kazi, anafuata.

Mkiwaona wale wakubwa weusi wanaowinda kwenye udongo mkawaita mavu, sina ugomvi. Ila wale mavu wanene mnaowaona kwenye video, wa Asia, wanaovamia mizinga ya nyuki, hawapo kwetu. Katika Afrika ndugu zao hupatikana kaskazini na kaskazini-mashariki, Misri, Sudani, Ethiopia na Somalia. Kagera hatuna.

Tena jueni kwamba dume la nyigu halidungi. Mwiba ni wa majike tu, kwa sababu asili yake ni kiungo cha kutagia mayai ambacho kwa majike hawa kiligeuka kuwa silaha. Na mwiba huo ni laini, hauna ncha za kunasa, kwa hiyo nyigu mmoja aweza kukudunga mara tatu na kwenda zake. Nyuki wa asali akikudunga, mwiba wake hunasa kwenye ngozi yako, naye hufa. Ndiyo maana mtu aliyeumwa na nyuki hubaki na kitu cheusi kwenye ngozi, na wa nyigu habaki nacho.

Karatasi ya kile kiota inatoka wapi? Siku ukiwa kimya karibu na nguzo ya zamani ya uzio, au mlango wa mbao usiopakwa rangi, sikiliza. Utasikia mkwaruzo mdogo sana. Ni dondola anaparua mbao kwa meno yake. Anatafuna yale makapi, anayachanganya na mate, anarudi nayo kama donge dogo na kuyatandaza kwenye ukingo wa kijumba, mstari baada ya mstari. Tazama kiota cha zamani kwa karibu utaona michirizi: huu wa kijivu umetoka kwenye nguzo, huu wa kahawia umetoka kwenye mlango wenu. Zamani huko Ulaya karatasi zilitengenezwa kwa matambara, na matambara yalikuwa yakipungua. Mwaka 1719 Mfaransa mmoja, René-Antoine de Réaumur, aliwaambia wataalamu wenzake Paris kwamba nyigu wanatengeneza karatasi nzuri kwa mbao tupu, na akauliza kwa nini watu wasijaribu. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla ya watu kuweza kweli. Daftari lako la shule limetokana na mbao. Nyigu alitutangulia sana.

Na wanakula nini? Mkubwa hupenda vitu vya sukari: maji ya maua, tunda lililopasuka. Nyama huwapelekea watoto. Hukamata viwavi kwenye kabichi na mahindi, huwatafuna hadi wawe donge, hulisha mabuu. Nao mabuu humrudishia mlezi tone la maji matamu kutoka kinywani. Kwa hiyo kiota kilichoko pembeni mwa shamba la mahindi kinapunguza viwavi kila siku bila mtu kununua dawa. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini, 2017, mimi sikubali kirahisi mtu aniambie nyigu hana faida.

Ngoja niwape kisa cha nyigu mdogo kuliko wote niliowataja. Miaka ya 1970, mdudu aliyefunikwa na ungaunga mweupe aliingia Kongo kutoka Amerika Kusini, bila shaka amejificha kwenye vipando vya mihogo. Wakulima wengine huwaita wadudu hao vidung'ata. Kule kwao walikuwa na maadui. Huku hawakuwa naye hata mmoja. Wakasambaa nchi baada ya nchi, mihogo ikajikunja vichwa na kukauka, na palipo na muhogo ndipo palipo na chakula cha mwisho cha maskini. Mswisi mmoja, Hans Rudolf Herren, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA kule Ibadan, Nigeria, akasema tusipulizie sumu, tumtafute adui yake. Alipatikana Paraguay mwaka 1981: nyigu asiyefika milimita 2, hana uwezo wa kumdunga mtu. Hutaga yai ndani ya mwili wa yule mdudu wa mihogo. Kinachoanguliwa hula kutoka ndani mpaka libaki ganda tupu. Walizalishwa kwa wingi, wakaachiwa Nigeria mwaka huohuo, kisha nchi nyingine nyingi, hata Tanzania. Mihogo ikapona. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995, wakati huo akiongoza kituo cha ICIPE, Nairobi, ambacho Mkenya Thomas Odhiambo alikianzisha mwaka 1970 ili Waafrika wachunguze wadudu wao wenyewe. Nyigu hakupewa tuzo.

Na kahawa yetu je? Kuna kidudu cheusi kinachotoboa tunda la kahawa kwenye kitovu na kuingia kula mbegu. Mkichambua kahawa mnakutana na punje zenye matundu. Naye ana nyigu wake, mweusi, mdogo mno, mwenyeji wa Afrika hii hii. Huingia kwenye tundu lile lile na kumla mwenye nyumba na watoto wake. Mwaka 1929 Wabrazili walimchukua kutoka Uganda, hapo ng'ambo ya Mutukula, wakampeleka kwenye mashamba yao. Mpaka leo huko Brazili anaitwa nyigu wa Uganda.

Haya, turudi kwenye ngozi zenu.

Nyigu akiwa mbali na kiota si yule yule aliyeko kwenye kiota. Siku ya kukamua ndizi za pombe ya rubisi, ndizi zimeivishwa, watu wanazikanyaga na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, nyigu na nyuki hujaa. Hawa wamekuja kunywa. Hawana watoto wa kulinda hapo, na ukifanya kazi yako taratibu watakuzunguka bila ugomvi. Anayeumwa ni yule anayewapiga na anayewabana bila kujua: kwapani, chini ya wayo, kwenye mdomo. Kwa hiyo usikanyage mapera yaliyooza na miguu mitupu. Ukiwa ufukweni Bukoba na soda mkononi, ukaiweka chini ukakimbilia majini, ukirudi tazama ndani kabla hujanywa. Fenesi likifunguliwa, lifunike. Nyigu akitua mkononi mwako, tulia, ataondoka. Ukishindwa kutulia, mpulize pole pole? Hapana, hata kupuliza acha. Tembea tu.

Ukigusa kiota kwa bahati mbaya ni shughuli nyingine. Hapo usitulie. Ondoka upesi, funika uso kwa shati au kanga, nenda mbali, pita kwenye vichaka au ingia ndani na ufunge mlango. Dondola hafuati mbali. Nyuki wakikasirika ndio hufuata, mamia ya mita, na wakija wengi usijitose majini ukidhani umepona, watakusubiri utoe kichwa. Kimbia kwenye nyumba. Na usimwachie mdogo wako nyuma.

Kuna wavulana, ninawajua, ambao wakiona kiota kwenye mwembe wa shule lazima warushe jiwe. Anayerusha huwa na mbio; anayeumwa ni mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa anapita. Huo si ushujaa. Kiota kikiwa juu, mahali ambapo hakuna anayefika, kiacheni. Kikiwa mlangoni au chooni, mwambie mtu mzima. Kazi hiyo hufanywa usiku, nyigu wote wakiwa wametulia kwenye kiota, na mtu aliyevaa nguo ndefu na kufunika kichwa, kwa dawa ya kupuliza au maji mengi ya sabuni, maana sabuni huziba njia zao za pumzi. Moto na petroli, hapana. Kibanja kimejaa majani makavu, na wazee wanaokumbuka nyumba za msonge wanajua cheche moja ilivyoweza kumaliza boma zima.

Umeumwa tayari? Kwanza sogea mbali na pale. Kama ni nyuki na mwiba umebaki, utoe haraka, kwa ukucha au chochote kilicho karibu. Usipoteze muda ukitafuta njia nzuri zaidi, kwa kuwa mwiba unaendelea kumwaga sumu. Vua pete au bangili kabla mkono haujavimba. Osha kwa maji na sabuni. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Usikune. Kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa na tope usipake, utaongeza kidonda juu ya uvimbe. Uvimbe na kuwasha kwa siku moja au mbili ni kawaida, hata ule wa jicho lililofumba.

Lakini kuna watu ambao mwili wao haupatani na sumu hii, na wengine hawajui mpaka siku hiyo. Ndani ya dakika chache vipele vinatoka mwili mzima, midomo au ulimi unavimba, sauti inakwaruza, pumzi inakuwa nzito, anatapika, anaona kizunguzungu au anaanguka. Hapo hakuna cha kusubiri mama arudi sokoni. Piga kelele, mtu mzima alete pikipiki au gari, ampeleke kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, iwe Rubya, Ndolage, Kagondo au ya mkoa pale Bukoba mjini. Huko kuna sindano ya adrenalini ya kumfungua pumzi. Akiwa anasubiri, mlaze na umwinue miguu. Kama anahangaika kupumua, mkalishe. Nenda vilevile kama mtu ameumwa ndani ya mdomo au kooni, au kama ameumwa na wengi kwa mara moja, hata kama anasema yuko sawa. Na ambaye amewahi kupata hali hiyo, walimu na marafiki zake wajue.

Basi nimebakiwa na nyigu mmoja, na huyu ndiye nimpendaye. Mnaujua mti wa mutoma, ule ambao mababu walibandua gome lake, wakalitwanga kwa nyundo za mti likawa lubugo la kuvaa. Nani kati yenu amewahi kuona ua lake? Hakuna. Maua yake yamefichwa ndani ya tunda lenyewe, na mlango wa kuingilia ni tundu dogo kwenye ncha. Anayeweza kupita hapo ni nyigu mdogo aliyebeba chavua. Anajisukuma kwa nguvu hata mbawa zake mara nyingi zinang'oka, anachavusha maua, anataga mayai katika baadhi yake, anafia humo. Watoto wake wakikua, madume hutoka kwanza, hawana mbawa. Huwapandisha majike, hutoboa njia ya kutokea, nao hufa bila kuona jua. Majike hupita njia hiyo na chavua mwilini kutafuta mti mwingine, na maisha yao ni siku moja au mbili. Upepo huwasaidia. Huko Namibia nyigu wa mkuyu waligundulika kuwa husafiri zaidi ya kilomita 100. Mutoma una wake, mkuyu una wake. Bila wao hakuna mbegu, na ndege, nyani na popo wanaokula matunda hayo wangelala njaa.

Najua mnachotaka kuuliza, nawaona mnatazamana. Ndiyo. Ukila kuyu lililoiva bila kulipasua umekula nyigu kadhaa, wengi wao madume yasiyo na mwiba. Lipasue, likung'ute, halafu ule.